Ada ya Mwaka Katika Miezi ya Eda

Baba alikuwa akienda benki mara moja kila mwaka kufunga kadi, na hakuwahi kuifunga. Siku hiyo alivaa kama anayekwenda kuposa: kanzu imepigwa pasi mpaka imesimama, kilemba kizuri, bakora mkononi, udi hadi kwenye ndevu. Dereva wake nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Kila mtu katika ukoo wetu ana sifa yake. Yangu mimi ni kwamba nipo. Nilimaliza sekondari, nikaolewa, nikarudi, na toka niliporudi sikuona sababu ya kutoka tena. Kaka yangu alikuwa akiwaambia watu kwamba safari yangu ndefu kabisa ni kutoka kwetu Mawaleh mpaka kwake Mabela, mtaa wa jirani tu hapa Muskati, na kwamba nikifika huko huuliza kibla kiko upande gani. Ni uzushi. Niliuliza mara moja tu.

Kadi yenyewe, ya mkopo, ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini, baba alipokuwa anakaribia kustaafu kazi yake ya bohari serikalini. Kijana mmoja wa benki alipita ofisini kwao akawaeleza: kila utakachonunua kwa kadi hii, benki inakuhesabia maili, na maili zikitosha unapewa tiketi ya ndege bure. Mwaka wa kwanza hakuna ada. Baba hakuwahi kuliamini neno "bure" likitoka kwa mtu yeyote, lakini siku ile aliliamini, kwa sababu alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe lilikuwa mama. Mama ana mdogo wake Unguja. Wamefuatana kuzaliwa, wamekula sahani moja mpaka mama alipoolewa akaletwa huku Muskati. Mara ya mwisho walikutana kwenye msiba wa bibi yetu, na msibani watu hawaonani, kila mmoja anamtizama maiti. Baada ya hapo ikawa simu, mmoja anapiga kelele huku na mwengine kule, kama kwamba waya ndio kiziwi. Baba akamuahidi mama: "Tutakwenda mimi na wewe, mwezi mzima, bila ya msiba wa mtu." Halafu ikaja kadi, na baba akaongeza sharti ambalo mama hakuliomba. Watakwenda kwa maili.

Kwa matumizi ya baba peke yake maili zingetaka umri wa Nabii Nuhu. Kwa hivyo akauajiri ukoo mzima. Mtu akitaka kununua kitu kikubwa, kwanza anampitia baba. Wanakwenda dukani pamoja, baba anapitisha kadi yake, mwenye kitu anampa fedha taslimu palepale, na baba anazipeleka benki kabla mwezi haujesha ili riba isimguse. Alisimamia friji la kaka, vitanda vya mapacha wa binamu, mapazia ya bibi harusi mmoja wa Madinat Sultan Qaboos, na matairi ya jirani ambaye hata si wetu. Watu wakibishana bei na muuzaji, baba alikaa kando na kadi mfukoni, mtulivu, kama walii anayengoja aitwe kuozesha.

"Mama akifika Unguja," kaka alikuwa akisema, "nusu ya njia kabebwa na friji langu. Mama mdogo anitaje kwa jina."

"Atakutaja," alisema baba. "Atasema, yule aliyenunua friji kubwa na ndani mna maji matupu."

Mwaka wa pili ndipo ada ilipojitokeza. Baba alihisi ametukanwa. Akaenda benki kuirudisha kadi, na siku ile alikuwa amekusudia kweli. Ofisa akamkalisha, akamuagizia kahawa, akamwambia: "Ammi, usifunge. Mwaka huu tunakufutia." Baba alirudi garini. Tulipita mzunguko wa barabara wa kwanza, wa pili, ndipo akafungua mdomo.

"Kumbe ada nayo ina bei ya kuanzia."

Ikawa basi. Toka siku hiyo ada aliifanya kama tikiti maji la sokoni kwetu: unaligonga, unalirudisha, unaondoka, unaitwa. Alifika mahali akawa na kadi tatu za benki tatu. Mbili alikuwa akizifungua kwa ajili ya maili za kukaribishwa na kuzifunga kabla ada haijafika, na kazi ya kukumbuka miezi yake ilikuwa yangu, mimi ambaye nilisahau arusi ya shoga yangu. Ile kadi ya kwanza ilikuwa ngumu. Maili zake zilikaa benki, siyo kwenye shirika la ndege. Ukiifunga kabla hujachukua tiketi, maili nazo zimekwenda. Baba alilijua hilo. Benki walilijua. Na kila mwaka walikaa uso kwa uso, wakanywa kahawa, wakajifanya hawalijui.

Mama akimwona anajifukiza udi alikuwa akisema:

"Mtu anajipamba kwenda kuitishia benki."

"Nnakwenda kukutafutia tiketi."

"Unakwenda kunywa kahawa ya watu. Tiketi zinauzwa, bwana. Watu wananunua."

"Cha kununua kila mtu anaweza."

Mama alicheka wakati ule. Miaka ilivyokwenda akaacha kucheka, kwa sababu kila walipokaribia, maili za kufika Unguja ziliongezwa. Na huko Unguja macho ya mama mdogo yalikuwa yameanza kufunga. Jicho la kulia lilikwenda kwanza. La kushoto likawa linaona mchana tu, tena kwenye mwanga. Nilikuwa nikiisikia sauti yake ndani ya simu, mama akiwa ameiweka mbali na sikio: "Dada, njoo nikuone. Usije ikawa nnakupapasa."

Mwaka ambao maili zilitimia, baba alitangaza Ijumaa, baada ya chakula, wote tukiwa bado tumekaa chini kwenye busati. Viti viwili, kwenda na kurudi. Alimtizama mama, siyo sisi. Mama akasema, "Haya," akaanza kukusanya sahani, akazipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Wiki chache baadaye baba akaingia hospitali kwa figo. Asubuhi moja mama alikuwa peke yake naye chumbani, na alipotoka ukumbini hakusema kitu. Daktari ndiye aliyetwambia. Tulizika siku ileile, watu wakaja, watu wakaondoka, na mama hakulitamka neno lenyewe. Akisema "baba yenu" alikuwa akiishia hapo, na sisi tukangoja, na hakuna kilichofuata.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kuonana na wanaume wasio wake. Na kwa kawaida ya wazee wetu, hata sauti zao asizijibu. Mimi nilijiona mtaalamu wa kukaa ndani, nikadhani nitamfaa. Siku ya tatu akaniambia: "Wewe unakaa ndani kwa kupenda. Usinitizame kama tuko chama kimoja."

Simu ya baba ya mkononi ilibakia kwangu. Sikuizima. Nilikuwa nikiichaji kila jioni, na mtu akiniuliza kwa nini, nilikuwa na majibu mengi na hakuna la kweli. Siku moja ikalia. Alikuwa yule ofisa wa benki, sauti ya furaha.

"Ammi yuko wapi? Mwezi wa ada umefika na sijamwona. Kahawa inapoa."

Kwa Kiarabu changu cha skuli nilitaka kumwambia. Ulimi ukanigeukia. Nikamuomba apige kesho.

Jioni nikampigia kaka, naye akaja na ami yetu, mdogo wake baba, mtu wa msikiti na wa vitabu. Tulikaa sebuleni, mama yuko chumbani kwake, mlango umerudishwa. Kabla hawajafika nilikuwa nimeshaipigia namba ya jumla ya benki, nikauliza kama mtu anayeuliza habari za jirani: mwenye kadi akifariki inakuwaje? Jibu lilikuwa jepesi. Kadi inafungwa, na maili zinafutwa. Na ada isipolipwa ndani ya mwezi, ni vilevile.

Ami alivuta pumzi. "Maili ni mali. Mali ya maiti ni mirathi. Kwanza deni, na ada hii ni deni, halafu zigawiwe. Mke thumni yake, fungu moja katika manane, nyinyi wana mafungu yenu."

"Ami," kaka akasema, "thumni ya maili itamfikisha mama wapi? Itamtua baharini, pwani yetu bado anaiona. Atamalizia kwa kuogelea?"

"Mimi nnasema sharia."

"Na mimi nnasema ndege."

Nilicheka, nikajiziba mdomo na mtandio. Kaka hakucheka. Aliegemea mbele akateremsha sauti. Akasema yeye na baba sauti zao moja. Toka alipobaleghe watu walikuwa wakipiga simu nyumbani wakimsalimia yeye shikamoo. Kesho ofisa akipiga, ataipokea yeye. Atakubali ada, atailipa kwa fedha yake, ataomba viti viwili kwa jina la mama na la atakayemsindikiza. Tiketi zikishatoka, ndipo tutawaambia benki kwamba baba hayuko duniani. Nani ameibiwa? Maili zilikuwa zake. Alikuwa akizikusanya kwa ajili ya nani?

Ami, aliyekuja kugawa mirathi, akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

Mimi nilisema, "Fanya." Jicho la mama mdogo halikuwa likisubiri sharia wala benki. Eda ikimalizika lingekuwa na kiasi gani cha mwanga? Sikuliona kosa, na hata leo nikiamka nalo asubuhi mbaya siwezi kuapa kwamba naliona. Moyoni nilikuwa nikiomba jambo moja tu, kwamba kiti cha pili kisinielekee mimi.

"Hebu jaribu," nikamwambia kaka. "Mimi ndiye benki."

Akakaa sawasawa. Akakohoa kile kikohozi kidogo cha baba cha kabla ya salamu, kile ambacho sisi watoto tulikuwa tukikiigiza jikoni, na akasema kwa Kiarabu, polepole, kwa sauti ya chini kama ya mtu mwenye siku nzima mbele yake: "Hayaakum Allah, mwanangu. Unaniuliza mimi khabari? Khabari ziko kwenu wenye mali."

Ilikuwa ndiyo sauti ya baba hasa. Hata ami aligeuza uso kuelekea mlangoni.

Na mlango wa chumba cha mama ukafunguka. Alisimama na nguo zake za eda, kichwa wazi, kitu ambacho si kawaida yake hata mbele ya shemegi yake, na ami akainamisha macho haraka. Mama hakumtizama ami. Hakunitizama mimi. Alikuwa akikitizama kile kiti cha pembeni alichokuwa akikaa baba, ambacho hakuna aliyekikalia, halafu macho yakatembea taratibu mpaka kwa kaka.

"Rudia," mama akasema.

Kaka alikohoa. Akaanza: "Hayaakum..." na sauti ikatoka yake mwenyewe, nyembamba, ya mtu mwenye watoto wanne na friji tupu. Akajaribu tena. Haikuja. Akaweka mikono yote miwili usoni.

Mama akaja akamshika kichwa, akakiweka tumboni mwake, kama ilivyokuwa zamani tulipokuwa na homa. Kisha akaniuliza tulikuwa tukifanya nini, nami nikamweleza yote, kwa sababu mama yangu hajui kudanganywa nusu.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mimi nimekaa ndani kwa ajili yake," akasema, "kila asubuhi nnauacha wanja kwenye kasha kwa ajili yake, na nyinyi sebuleni mnawaambia watu yu hai." Hakusema kwa hasira. "Nikae eda ya nani mimi?"

"Mama, ni kwa ajili ya mama mdogo," nikasema.

"Najua kwa ajili ya nani. Yule ni mdogo wangu mimi." Akanyoosha mkono. "Nipigie hao benki."

Nikapiga. Akapokea mwanamme. Nilimtizama mama, akatikisa kichwa. Nikamwambia yule kijana kwamba mama yangu anataka kuzungumza, lakini anaomba mwanamke. Akanijibu kwa adabu kwamba wao wote huduma yao ni moja.

"Yuko kwenye eda," nikasema.

Hakuuliza tena. Yule alikuwa mtoto wa watu. Akatuacha na muziki muda mrefu, na nikaisikia kwa mbali sauti yake ikiita huku na huku, anamtafuta mwanamke katika chumba cha wanaume. Mwishowe akaja msichana, sauti laini, na nikampa mama simu.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Kiarabu chake kina Unguja ndani yake hata leo. Maneno yanatoka yamevaa viatu vya kwetu. Akasalimia. Akataja jina la baba kamili, na la baba yake, na la babu yake. Akaiteremsha simu kidogo. Nikadhani atanirudishia simu.

"Mume wangu," akasema, "amekufa."

Ami alianza kuvuta uradi pale pale alipokaa. Upande wa pili wa simu nikamsikia yule msichana, simu ikiwa karibu na mimi, akimpa mama rambirambi kwa Kiarabu, na baada yake, taratibu, kwa Kiswahili: "Poleni sana, bibi. Mungu amrehemu."

Mama akahamia Kiswahili, mabega yakateremka. Wakazungumza. Akauliza kuhusu ada, akaambiwa imefutwa. Miaka yote ile ya udi na kilemba, na mwaka huu ilifutwa bila ya mtu kunywa kahawa. Akauliza kuhusu maili. Hapo msichana akasitasita. Nilimsikia akisema kwamba maili huondoka na mwenyewe, ndiyo kanuni, hana uwezo nayo. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi:

"Lakini, bibi, mimi nikiandika leo ndiyo zinafutwa leo. Kama kuna tiketi mlikuwa mnataka kuichukua... naweza nikaandika keshokutwa."

Kaka aliinua kichwa. Mimi pia. Mama alitutizama sote wawili, na nikaona kwamba amesikia vizuri kuliko sisi.

"Una mama, mwanangu?" akamuuliza yule msichana.

"Ninaye, bibi."

"Mungu akuwekee. Andika leo."

"Bibi, ni nyingi sana."

"Najua. Alizipenda. Na ziende naye."

Akanirudishia simu, akaomba maji, akanywa amesimama, akarudi chumbani. Kaka alilipa simu ile kwa kulia garini mpaka Mabela. Alinieleza mwenyewe miaka baadaye, na akaongeza kwamba alikosea njia mara mbili, kwa hiyo nisijione ni mimi peke yangu nisiyejua njia.

Mirathi iligawiwa kama alivyotaka ami. Eda ilipomalizika mama alioga, akajifukiza udi, akachukua kutoka kwenye fungu lake na kumtuma kaka akakate tiketi dukani, kama watu wote. Alimwambia akate mbili. Nikasema labda binamu angependa kwenda. "Binamu ana kazi," mama akasema. "Wewe una nini?" Nikatengeneza pasipoti, na picha yake ilitoka kama ya mtu aliyekamatwa na kitu. Ndani ya ndege nilishikilia mkono wa kiti toka Muskati mpaka tulipotua, na mama, aliyekuwa dirishani, hakunitania hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Hakuwa anaogopa ndege. Mama mdogo hakuwa amezungumza nasi wiki mbili. Watoto wake walikuwa wakipokea simu na kusema amelala.

Tulifika mchana. Nyumba yake iko mtaa wa Ng'ambo, uani kuna jiko la mkaa, mlango wa mbele uko wazi. Watoto wake walikuwa wamemuweka mama mdogo kwenye kigoda palepale mlangoni, jua likimpiga usoni, na mwanzo nilidhani wamemsahau pale. Kumbe mwenyewe ndiye aliyetaka. Toka asubuhi amekataa kuingizwa ndani.

Mama akasimama mbele yake akamzibia jua.

"Sogea," mama mdogo akasema. "Sogea huku, kushoto. Huko mimi sina kitu."

Mama akasogea. Mama mdogo akainua uso, akauelekeza pembeni kidogo, kama kuku anavyotizama, na akakaa hivyo.

"Umenenepa," akasema. "Na mvi zote hizi nani kakupa? Mbona hukunambia kwenye simu?"

"Ungeniambia nipake hina."

"Ningekwambia. Kaa. Usikae mbali, kaa mwangani hapa nisije nikakupoteza."

Mama akakaa chini, kwenye kizingiti, ameegemea miguu ya mdogo wake. Mimi na mabegi tulisimama nje kama wageni wa nyumba ya pili. Kisha mama mdogo akaweka mkono juu ya kichwa cha mama, na akauliza kile ambacho hakuna hata mmoja wetu, katika miezi ile yote, aliyethubutu kukiuliza.

"Shemegi yangu alikufa vipi, dada? Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," mama akasema.

Akaanza kumweleza. Alianza na asubuhi yenyewe: jinsi alivyoomba maji, jinsi alivyokataa maji, aliyosema kuhusu mto wa kichwani. Nilisikia mpaka hapo. Nikaweka mabegi chini, nikapita pembeni mpaka uani, nikachochea mkaa na kuteleka chai. Chai ilichemka. Sikuipeleka. Niliiepua, nikakaa nayo, na sauti ya mama ikawa inakuja kutoka mlangoni, haikatiki.